Kizuri Hakijiuzi Kikiwa Kabatini

(Haya niliyasema mbele ya wajasiriamali wadogo tuliokutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa hapa Moshi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Vicheko nimeviacha ukumbini.)

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi wadogo zangu mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: Bwana Yesu asifiwe. Assalamu alaikum. Na ambao bado sijawagusa, shimbonyi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianzia kwenye baraza la duka la mtu, na cherehani moja ya kukanyaga na kiti cha kuazima. Leo nina fremu Majengo na mabinti watatu tunaoshona pamoja. Darasa la masoko sikuwahi kulikanyaga. Waandaaji waliponiambia nije niseme namna ya kutangaza biashara bila mitandao, nikawajibu hilo naliweza, maana ya mitandao ananifanyia mwanangu na neno la siri lenyewe silijui.

Hebu nyamazeni kidogo. Mnamsikia huyo anayepita nje na spika yake? "Dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto!" Huyo kaka hana bango, hana kadi, hana fremu. Lakini niambieni, nani humu ndani hajui anauza nini? Na mmemjua angali kona ya pili. Muuza kahawa naye hagongi hodi, anagonganisha vikombe vyake viwili, wazee wa kijiweni wanageuka. Fundi viatu anapiga kisanduku. Kijana wa kupaka rangi kucha anachezesha vichupa. Na yule ndugu yangu wa kazi, fundi wa kutembeza mwenye cherehani begani, anachezesha mkasi hewani, cha-cha, cha-cha, na mwenye suruali iliyochanika anamfungulia geti. Hakuna aliyewafundisha. Wamejua tu kwamba mtu hawezi kununua asichojua kipo.

Sasa wazee walituachia msemo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu niliuheshimu miaka miwili, nusura unifungishe kazi. Nilikuwa nashona vizuri, hilo nasema bila aibu, pindo langu halifumuki. Lakini fremu yangu ya kwanza ilikuwa ndani ya korido, imetazama ukuta wa choo. Gauni zuri lilining'inia humo wiki tatu likijiuza lenyewe, na mteja wake pekee alikuwa mende wa yule kaka wa dawa.

Nilipoona njaa inakaribia, nikaenda upande wa pili wa ujinga. Nikachapisha vipeperushi 1,000. Rangi nne, picha ya cherehani, maneno mengi kama wosia. Nikampa kijana mmoja avigawe stendi kuu, maana nilijiambia stendi ndiko kwenye watu. Akavigawa kwa uaminifu wote, simlaumu. Wiki ile hakuja mtu. Wiki ya pili nikapita hapo stendi, nikanunua karanga za shilingi 200, nikafungua ile karatasi, nikakuta namba yangu ya simu imejaa chumvi. Tangazo langu lilikuwa limepata kazi: lilikuwa linafungia karanga. Nikasimama pale nikatafuna karanga zangu taratibu, kwa sababu hela yangu nilikuwa nimeshaila mara mbili.

Kosa halikuwa la karatasi. Mtu aliye stendi anawahi basi la Dar au la Tanga, ana begi mkono huu na mtoto mkono huu. Sketi ya mwanafunzi inashonwa wapi Majengo, inamhusu nini? Jioni ile nikachukua daftari nikaandika wateja wangu wote niliowakumbuka, na kila mmoja anakotoka. Majengo, Majengo, Pasua, Njoro, Majengo. Wachache walishuka kutoka Uru na Kibosho siku za kwenda soko la Mbuyuni wakanipitia. Wote ni watu ambao miguu yao ilikuwa tayari inapita karibu na mimi. Nikaona kumbe mji wa Moshi ni mkubwa, lakini Moshi yangu mimi ni dakika ishirini za kutembea. Hiyo ndiyo nilipaswa kuitangazia. Huyu wa basi la Tanga, safari njema.

Basi nikahama korido, nikapata fremu iliyotazama barabara, na kodi ikapanda. Nikaweka kibao. Sasa ngoja niwasimulie kuhusu kibao, kwa sababu nimepita mitaa yenu kabla ya kuja hapa na nimeona mambo.

Kibao changu kiliandikwa "NEEMA YA MUNGU" kwa herufi kubwa, maua pembeni, na chini yake maneno ya Kiingereza ambayo hata mimi mwenyewe sikuyaelewa vizuri. Siku moja nikamwambia dogo wa bodaboda, nipandishe, unipitishe mbele ya duka langu kwa mwendo wako wa kawaida. Tukapita. Nikamuuliza, umesoma nini? Akasema, "Neema ya Mungu." Nikamuuliza, wanauza nini pale? Akasema, "Mama, si ni kanisa?"

Nikamrudia fundi wa vibao. Sasa kimeandikwa "SARE ZA SHULE HUSHONWA HAPA", herufi nyeusi juu ya njano, na amechora sweta. Basi. Neema ya Mungu bado ipo, nimeihamishia ndani juu ya mlango, nayo inafanya kazi vizuri zaidi huko. Kila mwenye kibao humu, Jumatatu panda bodaboda upite mbele ya kwako. Muulize dereva, usijiulize wewe, wewe unajua jibu. Na anayetaka bango la kutokeza barabarani apite kwanza kwa mtendaji wa kata au halmashauri aulize kibali na ada, maana bango likishang'olewa umelipa mara mbili.

Nije kwenye kitu kilichonilisha.

Mnakumbuka Januari 2016, ada zilipofutwa kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Watoto waliandikishwa wengi mno. Ada ilifutwa, sare haikufutwa. Kila mzazi aliyekuja alikuwa na kilio kimoja, nacho si bei. Kilio kilikuwa kupotea. Nyie mnaoishi juu huko mlimani mnajua: Julai asubuhi ukungu umeshika migomba, mtoto anaondoka na sweta. Ikifika saa nne jua limetoka, sweta linavuliwa, linawekwa chini ya mti, mpira unachezwa, kengele inalia. Sweta zote rangi moja. Jioni mtoto anarudi mikono mitupu na mama anaanza kuzunguka kwa majirani.

Nikachapisha utepe mweupe wa pamba, mistari miwili: Jina, Darasa. Nafasi ya kuandika kwa kalamu isiyofutika. Chini yake kwa herufi ndogo: fundi, Majengo, na namba ya simu. Nikaushona nyuma ya shingo, pande zote nne, si juu tu, ili mtoto asiung'oe. Sweta zenyewe ananifumia dada mmoja jirani, mimi nashona lebo na kuuza. Utepe ule kwa sweta moja ni hela ndogo kuliko pipi.

Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Wa pili, Julai, mwalimu wa shule moja ya juu akanipigia. "Mama, wewe ndiye fundi? Nina sweta saba hapa ofisini zina namba yako, hawa waliandikwa kwa kalamu ya kawaida, majina yao yamefutika, unawakumbuka?" Nikawakumbuka watano. Hakununua kitu siku ile, wala mimi sikumwambia anunue. Novemba akapiga tena, akaniambia kuna wazazi wa darasa la kwanza wanakuja kikao, kama nina nafasi nije na vipimo.

Mnaona utepe ule ulivyo? Kipeperushi kilikuwa kinazungumza habari zangu, kikatupwa. Utepe ulikuwa unamsaidia mama asipoteze hela yake, kwa hiyo mama mwenyewe aliutunza, akaandika jina la mwanawe juu yake. Mtoto akautembeza shuleni siku tano kwa wiki. Mimi nikawa nimelala. Ndiyo maana kila mwisho wa mwaka natoa pia kalenda ya ukutani, lakini nimeweka tarehe za kufungua na kufunga shule kwa wino mwekundu. Kalenda yenye picha ya mlima tu kila benki inatoa. Yenye tarehe za shule inakaa jikoni mpaka Desemba.

Mwingine hapa anauza vitu ambavyo haviwezi kushonewa lebo, namwona pale dada wa mayai. Sawa. Lakini jiulize mteja wako anahangaika na nini baada ya kukuacha. Trei inavunjika kwenye bodaboda? Mfungie kwa kamba vizuri, na kwenye kamba pale pawe na jina lako.

Sasa bodaboda. Kuna watu watawashauri muwalipe madereva ili walete wateja. Mimi siwalipi. Saa kumi na moja alfajiri kijiwe cha jirani yangu kinajaa vijana wenye makoti mazito, na zipu ya koti la bodaboda haijawahi kumaliza mwaka. Niliwaambia, zipu zenu nabadilisha bure, leteni zipu tu. Inanichukua robo saa nikiwa sina kazi kubwa. Leo mgeni akishuka akiuliza fundi, wanamleta mpaka mlangoni na wanamwambia "huyu mama ni wetu". Hela ingenunua safari moja. Zipu imenipa kijiwe kizima.

Tena wameanza kunipa kitu ambacho sikukiomba. Nimewasikia wakielekezana: "Mshushe kwa mama sweta." Wenzangu, hapo nilitikisika. Mnajua mtu akipewa "kwa" maana yake nini? Panda gari uende Arusha uhesabu: Kwa Sadala, ukifika mjini kwao kuna Kwa Mrefu, kuna Kwa Mrombo wanakochoma nyama. Hayo ni majina ya watu yaliyogeuka kuwa mahali, na konda anayatangaza kila siku kwa sauti yake mwenyewe bila kutumwa. Mimi bado niko kwenye midomo ya vijana kumi na wawili. Lakini nimeanza.

Na sisi wa huku tusijifanye hatujui mambo haya. Ukienda Dar, duka dogo la mtaani linaitwaje? Kwa Mangi, neno la Kichaga la chifu. Hata kama mwenyewe ametoka Singida, ni Mangi tu. Jina hilo ndugu zetu hawakulipata kwa mabango. Mangi alijua jina la mtoto wako, alijua unga unaoupenda, ukimtuma mtoto sukari anamwongezea pipi, na ukipungukiwa anafungua daftari. Hiyo pipi ndiyo ilikuwa tangazo. Mtoto ndiye aliyechagua duka, mzazi alitoa hela tu.

Niwaeleze na lililoniangusha, maana mdomo unaokujenga unaweza kukubomoa.

Sisi mafundi tuna wimbo wetu: njoo kesho. Msicheke, nanyi maseremala mnaujua. Desemba moja, ndugu zetu wamepanda kutoka Dar, mji umejaa, nikapokea kazi bila kuhesabu. Kulikuwa na gauni jeupe la kipaimara. Niliahidi Alhamisi. Alhamisi nikasema Ijumaa. Jumamosi usiku nilikuwa bado naweka mikono, umeme ukakatika, nikashona kwa tochi mpaka macho yakagoma. Jumapili binti akasimama madhabahuni na gauni la kuazima kwa binamu yake, refu, limekunjwa kwa pini. Mama yake hakunigombeza. Alichukua gauni Jumatatu, akalipa yote, akasema asante fundi. Kisha akaenda kwenye karamu za ukoo wao, na mnajua Desemba kuna karamu ngapi. Mpaka leo hakuna mtu wa ukoo ule aliyekanyaga kwangu. Na ni ukoo mkubwa.

Nilinunua ubao mweusi, ule wa chaki. Nimeutundika nje pembeni ya mlango. Kila asubuhi naandika: "Leo tunashona kazi za tarehe fulani. Ukileta leo, chukua tarehe fulani." Nikiwa nimejaa, naandika nimejaa. Mwanzoni binti zangu waliniambia ninafukuza wateja. Wapo waliosoma wakaenda kwingine, kweli. Lakini watu walianza kusimama kuusoma kama wanavyosimama kusoma magazeti pale kwa muuzaji bila kununua. Mzee mmoja alinipa jina akaniita fundi wa tarehe. Katika mji wenye mafundi wengi hivi, wenye mikono mizuri kunizidi, mimi najulikana kwa chaki.

Mengine nitayapitia haraka maana naona mwenyekiti ameshaangalia saa.

Mnada wa baada ya ibada. Mkuu wa mnada akinyanyua aproni yako kati ya ndizi na kuku, akasema "hii imeshonwa na mama yetu wa Majengo, elfu tano, nani sita?", usharika wote umekusikia. Ila mpelekee Mungu sadaka kwanza. Ukienda kwa ajili ya tangazo watu wananusa. Msibani usitoe kadi, hata kama unakodisha maturubai. Kaa, osha vyombo, toa mchango. Wanaohitaji watakuuliza baadaye. Redio zetu za mkoani zinafaa kama mteja wako ni mzee wa mlimani, na kama unalipia, ulizia nafasi iliyo jirani na matangazo ya vifo, kwa sababu hapo nyumba nzima hunyamaza. Gari la matangazo mimi sijalitumia, na kwa biashara ya fremu moja sioni faida. Atakayelitumia aombe ruhusa kwanza, maana kelele nazo zina sheria na NEMC, wale wa baraza la mazingira, hawataki mchezo. Nane Nane pale Themi Arusha nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi na vumbi tu. Mara ya pili nilikwenda na daftari, nikaandika jina na simu ya kila aliyeshika kitambaa changu, na wengi wa maana walikuwa wauzaji wenzangu wa vibanda vya jirani.

Daftari. Wote mnaujua msemo, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeongeza safu moja. Mteja mpya akiingia, kabla ya kupimwa, ninamuuliza: nani amekuelekeza? Naweka kistari. Kibao, karatasi, kalenda, lebo, bodaboda, mtu. Mwezi wa kwanza niliofanya hivyo, Januari yenye kazi nyingi, safu ya karatasi ilikuwa na vistari viwili, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu. Safu ya "mtu" ilivuka ukurasa. Tangu hapo hela ya karatasi niliihamishia kwenye utepe na chaki. Inawezekana kwako wewe ikawa kinyume, labda unauza vitu vya wapita njia. Uliza, andika, utaona.

(Hapo nilitaka kukaa, lakini mwenyekiti akaruhusu swali moja. Akasimama mama mmoja, mama lishe, anapika karibu na gereji. Akasema: "Mwenzangu una fremu, una ubao, una mabinti. Mimi nina mafiga matatu na mwavuli. Nitangaze na nini?")

Nikamuuliza, "Mama, mafundi wa gereji wanakula saa ngapi?"

"Saa saba."

"Na vitunguu unakaanga saa ngapi?"

"Saa tatu. Nikishamaliza nafunika, nasubiri."

Nikamwambia, "Bakiza vitunguu viwili na kitunguu saumu. Saa sita na nusu funua karai, kaanga tena kidogo kidogo, na ukae upande upepo unakotoka."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Alifikiri, akasema, "Jirani yangu naye akisikia ataanza kukaanga."

Nikamwambia basi Jumatatu aanze saa sita na robo.